Chungu Kwanza, Soko Baadaye: Bustani ya Kikundi Wakati wa Baridi

Walengwa: vikundi vya akina mama na akina baba, Kitui na Makueni
Wakati mzuri wa kutangaza: mwisho wa Juni
Ujumbe mkuu: Anzeni bustani kungali na baridi na mchanga wa mto ungali na maji, na mboga ziingie kwanza katika vyungu vya wanachama.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, yule mnayekutana naye kliniki, na siku nyingine njiani juu ya bodaboda nikiwa nimepakata sanduku la chanjo.

Leo tutazungumza kuhusu bustani ya mboga ya kikundi. Huenda ukauliza, "Muuguzi na jembe wapi na wapi? Hiyo si kazi ya afisa wa kilimo?" Ni kweli, na afisa wa kilimo tutamhitaji. Lakini ngoja nikueleze ninachokiona kwenye mizani.

Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi mvua ya mwisho wa Oktoba inyeshe, tunawapima watoto na kutia nukta katika kijitabu cha mama na mtoto. Mistari ambayo ilikuwa ikipanda vizuri tangu Aprili huanza kulala. Mingine huteremka. Nikimvuta mama mjamzito kope la chini, naona weupe mahali palipotakiwa kuwa na wekundu. Nikiuliza, "Jana mlikula nini nyumbani?" jibu ni muthokoi, au ugali na chai. "Na mboga?" "Mboga ni mpaka siku ya soko, sista, nikipata pesa."

Kwa hivyo nilifurahi sana, miaka michache iliyopita, akina mama kumi na wanane wa kijiji kimoja upande wa chini wa Kitui walipoanzisha bustani kando ya mto wa mchanga. Walikuwa na bidii. Walichimba, wakazungushia ua wa miiba, wakapanda sukuma wiki na nyanya. Ilipofika Septemba, wakati fungu la sukuma wiki limepanda bei kila mahali, wao walikuwa wakipeleka magunia sokoni. Siku ya kugawana pesa walinialika. Nikasimama mbele yao, nikawapigia makofi, nikasema, "Hii ndiyo afya."

Wiki mbili baadaye tulikuwa na kliniki chini ya mwembe. Mweka hazina wa kikundi kile alimleta mtoto wake wa mwaka mmoja na miezi minne. Uzito ulikuwa ule ule wa miezi miwili iliyopita. Nikauzungusha utepe kwenye mkono wake, ukasoma sentimita 12.1, rangi ya manjano. Nikamuuliza mama mtoto amekula nini jana.

"Uji asubuhi. Muthokoi jioni."

"Na mboga je? Si mna bustani nzima?"

Akanitazama kwa mshangao. "Sista, hizo mboga ni za kikundi. Nikichuma hata jani moja naandikwa deni."

Niliomba kuiona katiba yao. Ilikuwa na sheria kumi na saba. Kuchelewa mkutanoni, faini. Kukosa zamu ya maji, faini. Kuchuma bila ruhusa, faini maradufu. Hakukuwa na sheria hata moja iliyotaja chungu cha mwanachama. Na pesa je? Zilikwenda karo, zikanunua mahindi, zikalipa deni la duka. Hakuna aliyezitumia vibaya. Ila hazikurudi nyumbani zikiwa mboga. Nami niliyewapigia makofi sikuwa nimeuliza swali moja rahisi: watoto wa wenye bustani hii wanakula nini?

Msikilizaji, hilo ndilo nataka ulishike leo, hata ukisahau mengine yote. Bustani ya kikundi huleta afya pale mboga zinapoingia chunguni. Chungu kwanza, soko baadaye.

(Muziki mfupi)

Mboga hufanya nini mwilini

Mboga za majani ya kijani, kama kunde, mchicha, managu, majani ya malenge na sukuma wiki, zina vitamini A, ambayo hulinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na maradhi kama vile kuhara na surua. Zina madini ya chuma, ambayo mwili hutumia kutengeneza damu. Zina pia foleti, ambayo mama mjamzito anaihitaji ili mtoto aliye tumboni aumbike vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Hayo ni mafungu matano, kila fungu kiasi cha nusu kikombe cha mboga zilizopikwa, au tunda moja la kadiri.

Lakini nisikudanganye. Mboga peke yake hazimnenepeshi mtoto. Anahitaji pia chakula cha nguvu na cha kujenga mwili: ndengu, kunde, mbaazi, maharagwe, yai, maziwa, na kijiko cha mafuta. Akishatimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya, apewe vyakula vya aina mbalimbali, na mboga zipondwe ndani ya chakula chake laini. Vilevile bustani haichukui nafasi ya kliniki. Matone ya vitamini A kila miezi sita hadi afike miaka mitano, dawa ya minyoo, na vidonge vya kuongeza damu kwa mama mjamzito, vyote viendelee.

Kwa nini tunasumbuka hivi? Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao. Ufupi huo ni wa lishe duni ya muda mrefu, na ukishapita umri wa miaka miwili ni vigumu kuurudisha. Ndiyo maana kiangazi cha miezi mitatu si jambo dogo kwa mtoto wa mwaka mmoja. Yeye hawezi kungoja mvua.

Kwa nini tuanze wakati wa baridi

Wengi husema bustani ni kazi ya msimu wa mvua. Lakini mvua ikinyesha, mchicha huota wenyewe hata nyuma ya zizi. Shida yetu ni miezi ya katikati.

Juni, Julai na Agosti kwetu ni miezi ya mawingu. Kule Mbooni na Kilungu watu huvaa sweta hadi saa nne asubuhi, na hata Mutomo na Kibwezi jua huwa limepunguza ukali. Katika miezi hii udongo hauachi maji upesi. Mvua ya Machi hadi Mei imekwisha, lakini mchanga wa mito bado umeyashika maji yake. Ukipanda sasa, mizizi itashuka chini taratibu, na jua la Septemba likija litakuta mmea uliokomaa. Ukingoja Septemba ndipo uanze, utakuwa unanyunyizia mche mchanga kwenye jua kali, na mtungi hautatosha.

Hapa nizungumzie kidogo juu ya grinihausi, kwa kuwa vikundi vingi huniuliza. Katika nchi za kaskazini, kama vile Uingereza na Kanada, adui wa mkulima mwezi wa Machi na Aprili ni baridi. Huko watu wa mtaa hujenga nyumba ya kioo au plastiki ili ikamate joto la jua, na miche iote kabla udongo wa nje haujapata joto. Kwao ni jambo la busara. Lakini mimi nimeiona grinihausi moja katika sehemu za chini za Makueni: plastiki imeraruka, nyanya zimenyauka, na wanachama wamebaki na deni. Saa nane mchana humo ndani huwezi kukaa dakika kumi. Nyanya nazo huanza kuangusha maua joto la mchana likipita digrii 32 hadi 35. Sisemi grinihausi haifai kabisa. Kikundi chenye maji ya uhakika, mafunzo, na nyumba yenye madirisha mapana ya kupitisha hewa kinaweza kufaulu. Ila hiyo isiwe hatua ya kwanza, tena kwa mkopo.

Adui wetu ni jua na kiu. Kwa hivyo badala ya nyumba ya joto, tujenge kivuli. Simamisha nguzo za futi saba, weka juu yake neti ya kivuli au nyasi zilizotandazwa haba haba, mwanga upite kwa madoadoa. Upande wa mashariki uache wazi ili jua la asubuhi liingie. Kivuli kikizidi, miche hurefuka na kuwa dhaifu. Na kama unaishi milimani ambako usiku wa Julai ni wa baridi kali, unaweza kupinda fito juu ya kitalu cha miche na kufunika plastiki usiku, kisha uifunue asubuhi. Hiyo ndiyo grinihausi ya shilingi chache.

Maji kwanza, jembe baadaye

Sisi watu wa Ukambani si wageni wa kazi ya pamoja. Matuta mnayoyaona milimani yalichimbwa na mwethya. Mabwawa ya mchanga vilevile. Shirika la SASOL, lililoanzishwa Kitui mwaka wa 1990, limefanya kazi na vikundi vya vijiji kujenga mamia ya mabwawa hayo. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kuukata mto wa msimu, juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga. Jua haliyafikii kwa urahisi, na mbu hawapati pa kuzaa. Kama kijiji chenu kina bwawa la namna hiyo, au mto ambao mkichimba Agosti mnapata maji, mna mwanzo mzuri.

Sasa tufanye hesabu. Kitanda cha mboga chenye upana wa mita moja na urefu wa mita nne kinahitaji takriban mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, siku za jua. Wakati wa baridi, kikiwa kimefunikwa kwa nyasi kavu, hutumia pungufu. Kwa hivyo kikundi cha watu kumi na watano, kila mmoja akileta mtungi mmoja kwa siku, kinaweza kulea vitanda kumi na vitano. Wanaosema, "Tulime robo ekari," wajue hiyo ni kama mita elfu moja za mraba. Itataka mitungi mia mbili au zaidi kila siku. Nani ataibeba? Tunajua ni nani. Ni mama mwenye mimba ya miezi saba. Mimi ndiye nitakayempokea kliniki akilalamikia mgongo.

Kwa hivyo anzeni na vitanda mnavyoweza kuvinywesha. Punda wasaidie, na akina baba wasaidie. Mjamzito na aliyejifungua karibuni wapewe kazi ya kitalu, ya mbegu au ya daftari, wasipigwe faini kwa kutobeba mtungi. Maji ya kuoshea vyombo na mboga yasimwagwe uani. Yamwagwe kwenye udongo, chini ya shina. Yale ya kufulia nepi hayafai bustanini.

Mwaka mwingine mto wenyewe hukauka. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kavu za nchi yetu. Likitokea la namna hiyo, punguzeni vitanda mapema, na kila nyumba ihamishie miche michache kwenye gunia. Jaza gunia udongo na samadi, katikati panga nguzo ya mawe madogo ya kupitishia maji, toboa matundu ubavuni, upande miche thelathini au arobaini. Gunia moja mlangoni hunywa maji machache.

Namna ya kuanza

Kwanza, ardhi. Kubalianeni na mwenye shamba kwa maandishi, mbele ya mzee wa kijiji, kwa muda wa miaka mitatu hivi. Bustani ikisitawi, mwenyewe hukumbuka ghafla kwamba alikuwa na haja na shamba lake. Jiandikisheni pia katika ofisi ya maendeleo ya jamii, na mwiteni afisa wa kilimo wa wadi auangalie udongo.

Pili, vitanda vya shimo. Chimba kina cha futi mbili. Chini weka mabua makavu ya mahindi, juu yake udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na uache kitanda kiwe chini kidogo ya usawa wa ardhi, kama upana wa kiganja. Maji yatatulia humo. Upana usizidi mita moja, ili mtu afikie katikati bila kukanyaga. Mvua ya Oktoba ikikaribia, fungua mfereji upande mmoja, mboga zisizame.

Tatu, mbegu. Mwisho wa Juni, sia kunde na mchicha moja kwa moja kitandani. Baada ya wiki tatu au nne utaanza kuchuma majani, ingawa milimani huchelewa kidogo. Wakati huo huo sia sukuma wiki na managu kwenye kitalu. Miche huwa tayari kuhamishwa baada ya wiki nne hadi sita, na Septemba inapofika unachuma. Ukingoni panda malenge, na pale maji ya kunawia yanapomwagika panda papai. Nyanya ziwe chache mwaka wa kwanza. Hizo ndizo huvutia wadudu na dawa. Acheni kunde na mchicha kadhaa zikomae kwa mbegu, msinunue tena.

Nne, sheria. Hapa narudi kwa wale akina mama kumi na wanane. Tulikaa chini ya mwembe ule ule na wakaiandika katiba upya. Kati ya vitanda kumi, vinne viliitwa vitanda vya chungu. Jumanne na Ijumaa kila nyumba huchuma fungu moja bure, na nyumba yenye mjamzito au mtoto wa chini ya miaka mitano huchuma mafungu mawili. Vitanda sita vilivyobaki ni vya soko. Anayechuma huandikwa daftarini, lakini haandikwi deni.

Haikuwa rahisi. Mapato ya msimu uliofuata yalipungua, waume wengine wakanung'unika, na wanachama wawili wakajitoa. Mtoto wa mweka hazina nilimpima tena Desemba, utepe ukasoma sentimita 12.8, rangi ya kijani. Sitasema ni mboga peke yake. Alikuwa amepewa uji wa lishe kliniki, akapata dawa ya minyoo, na mvua ilikuwa imerudisha maziwa. Lakini nilipouliza jana amekula nini, mama alijibu kabla sijamaliza swali: "Uji, ndengu na kunde, sista. Na kunde amemaliza."

(Muziki mfupi)

Bustani isilete ugonjwa

Bustani inaweza kulisha watu, na inaweza kuwadhuru. Sikiliza mambo matano.

Moja, kisima. Kisima cha kunyweshea kizungushiwe ua na kifunikwe. Mtoto mdogo huzama katika maji yasiyofika hata magotini. Wakati wa kazi, mama mmoja awe zamu ya kuwaangalia watoto, na zamu hiyo ihesabiwe kama kazi.

Mbili, maji ya kunywa. Maji ya mto wa mchanga yanaonekana safi, lakini mifugo na watu hupita hapo. Chimbeni pa mifugo mbali na pa watu, upande wa chini, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Tatu, mbu. Pipa lisilo na kifuniko ni nyumba ya mbu. Funika, na kila wiki mwaga maji yaliyobaki katika makopo na mikebe.

Nne, samadi. Samadi mbichi ina vijidudu na minyoo. Iozeshwe vizuri miezi kadhaa kabla ya kutumiwa. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka bustanini, na kabla ya kumlisha mtoto.

Tano, dawa za wadudu. Kwa vidukari, anza na maji ya sabuni kidogo, na uondoe kwa mkono majani yaliyoshambuliwa. Ikibidi kununua dawa, muulize afisa wa kilimo, kisha usome kwenye karatasi yake siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Ikisema siku saba ni siku saba, hata kama kesho ni soko. Anayenyunyizia avae mikono mirefu, viatu vya mpira, glavu na kifuniko cha mdomo na pua. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wakae mbali. Chupa iliyokwisha isitiwe mafuta, maziwa wala maji. Mtu akimwagikiwa, vua nguo upesi umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Akimeza, usimtapishe. Kimbia naye kituo cha afya ukiwa na chupa ya dawa mkononi, ili tujue tunatibu nini.

Kutoka bustanini hadi sahani

Umelima, umenywesha, umechuma. Usizipoteze faida zake jikoni. Osha mboga kabla ya kuzikata, si baada. Zikishakatwa zitie sufuriani mara moja. Pika kwa maji kidogo, dakika chache tu, na mchuzi usimwagwe. Usitie magadi, hulainisha mboga lakini huharibu vitamini. Kama managu ni machungu, changanya na mchicha, au tia maziwa. Weka mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Kamulia limau juu yake, au kula na papai au embe, kwa kuwa matunda hayo husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma. Na chai, ambayo sisi sote twaipenda, ingoje saa moja baada ya chakula. Chai huyazuia madini hayo.

Mwito wangu kwako

Msikilizaji, kabla sijakuaga, nakuomba ufanye jambo moja wiki hii. Mkikutana kikundini, kila mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano aje na kijitabu cha kliniki. Mhudumu wa afya wa kijiji ataleta utepe. Kijani, sentimita 12.5 na zaidi, ni vizuri, endelea. Manjano, kati ya 11.5 na 12.5, mtoto anahitaji kuangaliwa lishe yake, mlete kliniki. Nyekundu, chini ya 11.5, usingoje bustani wala siku ya kliniki; mlete siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kama miguu yake yote miwili imevimba, hata kama utepe ni wa kijani.

Andikeni hesabu hiyo katika ukurasa wa kwanza wa daftari la kikundi, kabla ya hesabu ya pesa. Desemba pimeni tena. Hapo ndipo mtajua kama bustani yenu imezaa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Anzeni kidogo, anzeni sasa kungali na baridi, na chungu kitangulie soko. Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Wiki ijayo tutazungumza kuhusu maji safi ya kunywa wakati wa kiangazi. Hadi wakati huo, nawatakia afya njema. Kwaherini.

Maswali ya mazungumzo kwa vikundi

1. Katika vitanda vyenu, vingapi ni vya chungu na vingapi ni vya soko? Nani aliamua?
2. Kila siku mnaweza kuleta mitungi mingapi ya maji bila kumchosha mjamzito au mzee? Basi mtalea vitanda vingapi?
3. Kama mwanachama hana pesa na mtoto wake ni mgonjwa, katiba yenu inasema nini kuhusu kuchuma mboga?
4. Ni mahali gani katika bustani yenu mtoto anaweza kuumia? Mtafanya nini kabla ya mkutano ujao?
5. Akina baba, zamu yenu ya maji ni siku gani?